Maswali yenu ya uchumi: Kusini kuna korosho, gesi na bandari, mbona hela haikai?

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Mtwara na Lindi, nyingine kutoka kwa watu wa huko ambao sa hivi wako Dar na hata nje ya nchi, na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwamba Kusini mali ipo ila maisha hayafanani na hiyo mali. Nimeamua ukurasa wote niwape wao. Mi mwenyewe nimekulia Masasi, nimelala juu ya magunia ya korosho nikiwa mtoto, kwa hiyo haya maswali nayajua kwa harufu yake kabla hata sijamaliza kuyasoma. Nitajibu yale ninayoyajua, na pale ambapo jibu ni chungu nitalisema hivohivo.

SWALI: Shkamoo mwandishi. Mi ni mkulima wa Newala, nina ekari sita za mikorosho. Kila mwaka ikifika mwezi wa nane nabanwa, nachukua hela kwa mtu halafu nakuja kumlipa kwa korosho msimu ukifunguliwa. Msimu uliopita alinipa laki tano kwa kilo mia tano, yaani buku kwa kilo, halafu mnada ulivyoanza bei ikawa elfu tatu na kitu. Sasa huu mnada mnaousifia unanisaidia nini mimi?

JIBU: Marahaba mjomba, na pole sana. Tuanze na hesabu yako maana watu wengi hawaipigi. Umechukua laki tano, umerudisha korosho za milioni moja na nusu, ndani ya miezi miwili tu. Milioni nzima imeondoka. Ungekopa benki kwa riba yoyote unayoilalamikia, usingelipa hata robo ya hiyo. Huko kuuza korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa ndo kangomba, na kangomba ndo mkopo ghali kuliko yote Kusini, na kwa vile haiitwi mkopo watu hawaioni.

Mnada wenyewe una faida na historia yake inabidi ikumbukwe. Kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ndo huu wa minada, kuanza msimu wa 2007/08, mnunuzi alikuwa anakuja kijijini na mzani wake, anataja bei yake, na wewe una mtoto anaumwa ndani, utabishana naye nini? Sasa korosho inaenda AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, inaenda ghala kuu, inatangazwa, wanunuzi wanashindana. Si mfumo mtakatifu. Liwale mwaka 2013 watu walichoma nyumba kwa hasira ya malipo ya pili yaliyokuja madogo kuliko walivyotegemea, na 2018 wakulima walikataa bei mnadani mpaka Rais Magufuli akaamuru jeshi likazibebe korosho kwa 3,300 kwa kilo, wengine wakakaa miezi wakisubiri hela. Lakini kwenye mnada bei inajulikana na kila mtu, na hilo si dogo. Oktoba 2024 ulivyofunguliwa mnada wa kwanza bei ilivuka 4,000, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa inazunguka elfu mbili hivi. Aliyeuza kangomba mwezi wa nane wa 2024 alikosa mavuno ya maisha yake.

Halafu kuna makato. Ushuru wa halmashauri asilimia 3, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, hayo unayaona kwenye karatasi. Ambalo hulioni ni ile tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Analipa mnunuzi, ni kweli, ila mnunuzi hajaleta hela ya huruma, anaitoa kwenye bei anayokutajia. Kwa hiyo ile tozo inatoka kwenye mti wako, ndo maana mi nasema mkulima ana haki kamili ya kuuliza imerudi kufanya nini shambani. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, lile fungu la asilimia 65 lililokuwa linarudi kuendeleza zao likaenda mfuko mkuu wa serikali, na misimu iliyofuata uzalishaji ulishuka, kutoka zaidi ya tani 310,000 za 2017/18. Zikaja pembejeo za ruzuku, salfa ya kupulizia mikorosho ikawafikia watu bila kulipia, na msimu wa 2024/25 zikavuka tani 500,000. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake, lakini mti ukipuliziwa kwa wakati unazaa, hakuna uchawi hapo.

Kwako wewe, jambo la msimu huu ni dogo. Siku hela ya korosho inaingia, kabla ya kufanya lolote, toa ile laki tano ya mwezi wa nane uiweke mahali ambapo huwezi kuifikia kirahisi, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha watu unaowaamini au akaunti ya muda maalumu. Laki tano tu. Umeshavuka mwezi wa nane bila kangomba mara moja, mwaka unaofuata una milioni ya ziada mkononi. Ukiweza, nusu ekari uweke ufuta, unavunwa katikati ya mwaka, hela yake inakuja wakati mikorosho inachanua na mfuko umekauka.

SWALI: Sisi ni akina mama 14 wa Masasi, tunabangua korosho kwa mkono na kuwauzia abiria wa mabasi. Tunaumia kuona korosho zetu zinaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Tukikopeshwa mashine tunaweza kuwa kiwanda? Na kwa nini viwanda vilivyokuwepo vilikufa?

JIBU: Asanteni sana mama zangu, hili swali limenigusa kwa sababu mama yangu mzazi alibangua. Nakumbuka anavyopaka majivu viganjani kabla ya kuanza, halafu anaweka korosho kwenye jiwe, anaigonga kwa kipande cha mti, pigo moja la kupasua ganda bila kugusa kiini, tena, tena, mpaka jioni. Yale mafuta ya ganda yanaunguza. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabanduka kama ya nyoka na weusi ule hautoki kwa sabuni, mpaka harusini alikuwa anaficha mikono kwenye kanga. Kwa hiyo watu wanaposema ubanguaji ni kazi rahisi ya kina mama mi huwa nanyamaza kwanza.

Hesabu sasa. Chukueni kilo 100 za ghafi, mtapata kiini kama kilo 20 mpaka 25, tuseme 22. Ghafi kwa elfu tatu ni laki tatu, kwa hiyo kila kilo ya kiini ina elfu kumi na tatu na ushee ya malipo ya ghafi peke yake, hujaweka kuni, mifuko, nauli, na kazi ya mikono yenu ambayo mnasahau kuihesabu kila mara. Korosho nzima, nyeupe, inaweza kubeba gharama hiyo na kuacha faida. Vipande haviwezi. Hapo ndipo biashara yote ilipo. Kikundi kinachotoa nzima nane kwenye kila kumi kinaishi, kinachotoa nzima tano kinafanyia kazi mfuko wa mwingine. Mashine mbovu inavunja kuliko mkono wa mama mzoefu, kwa hiyo kabla hamjasaini mkopo wowote nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, muione ikifanya kazi, mpeleke korosho zenu wenyewe, mhesabu nzima na vipande palepale.

Kuhusu viwanda. Miaka ya 70 kuelekea 80 nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000, viwanda vikapangwa kwa matumaini hayo. Wakati vinajengwa korosho zilikuwa zinaporomoka, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi. Kiwanda kitabangua nini? Vikabinafsishwa miaka iliyofuata, vingi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Inauma, jengo lililojengwa kubangua likatumika kusafirisha ghafi.

Leo korosho zipo tena, tatizo limehamia kwenye mtaji. Mikorosho inatoa mzigo Oktoba mpaka Januari. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya hiyo miezi. Kiwanda cha tani 5,000, ambacho si kikubwa, kwa bei ya elfu tatu kinahitaji bilioni 15 taslimu za ghafi tu, na hizo ni hela za mkopo zenye riba zinazokaa ghalani zikisubiri kubanguliwa. Mwenzake wa Vietnam hana hiyo shida, ananunua za Afrika Magharibi zikivunwa mwanzoni mwa mwaka, akimaliza zinakuja zetu, mashine zake hazilali, na mkopo wake ni wa riba nafuu. Akija kwenye mnada wa Mtwara ana nguvu ya kumzidi wa kwetu kila siku. Kwa hiyo anayesema wawekezaji wetu ni wavivu hajakaa na kalamu. Tukitaka korosho ibanguliwe Kusini inabidi mtu atoe fedha za msimu kwa riba ambayo kiwanda kinaweza kuibeba, mengine yote, kongani za viwanda, barabara, umeme, yanakuja nyuma ya hilo.

Nyie 14 msijaribu kuwa kiwanda. Kuweni kikundi kinachojulikana kwa korosho nzima, safi, iliyofungwa vizuri, yenye alama ya TBS, shirika la viwango. Kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi. Muiombee ghafi na vifungashio kabla ya mashine. Na ghafi yenu ipatikane kwa njia halali, ongeeni na ofisi ya ushirika na Bodi ya Korosho kabla msimu haujafunguliwa, maana nimeona kikundi cha akina mama kikikamatiwa mzigo njiani kwa kuwa hawakuwa na karatasi, na hamna kinachokatisha tamaa kama hicho.

SWALI: Niko Mtwara mjini, nina miaka 26. Tukiwa shule ya msingi tuliambiwa gesi itafanya Mtwara iwe Dubai. Mi naendesha boda. Gesi iko wapi?

JIBU: Mdogo wangu, gesi ipo na inatumika kila siku, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii ilitokana nayo. Songo Songo iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay 1982. Bomba la kuipeleka Dar likatangazwa, na wewe ulikuwa mdogo ila wakubwa zako wanakumbuka Januari na Mei 2013, watu barabarani wakisema gesi haitoki, jeshi likaja, watu wakafa, nyumba zikaungua. Sipendi mtu anapoisimulia ile kama ujinga wa watu wa Kusini. Walikuwa wanauliza swali halali la uchumi, kwamba mali ikitoka hapa ikiwa ghafi, hapa kinabaki nini? Ni swali lilelile la akina mama wa Masasi. Bomba likakamilika 2015, zaidi ya kilomita 500.

Gesi ikishaingia kwenye bomba haihitaji watu. Wanaolinda mitambo na kusoma vipimo ni wachache sana. Ajira ya gesi iko kwa anayeitumia. Ukitaka mfano nenda Msijute kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote, kilizinduliwa 2015 kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kinatumia gesi ya hapohapo, halafu hesabu madereva wa malori, mafundi wa tairi, mama ntilie, vibanda vya vocha, bodaboda wanaoshusha wafanyakazi zamu ya usiku. Gesi ikitumika Mtwara inakutafutia abiria. Ikipita, inapita.

Na ule mradi mkubwa wa kusindika gesi iwe kimiminika pale Likong'o, Lindi, unaongelewa tangu uvumbuzi wa bahari kuu ulioanza 2010. Akiba ya nchi inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Mazungumzo na makampuni yalitangazwa kukamilika 2023 ila mikataba yenyewe ikaendelea kusubiriwa. Nakuomba kitu kimoja na wala si wewe tu, kila mtu anayesoma hapa: usikope kwa ajili ya mradi ambao haujasainiwa. Mtwara nimeona gesti zilizojengwa 2012 na 2013 kwa mkopo wa benki, vyumba ishirini, vigae vinang'aa, na mwenye nyumba amekaa nje peke yake saa mbili usiku. Gesi ilikuja, wageni wakamaliza kazi wakaondoka, marejesho yakabaki. Kama una hela yako ya akiba hilo ni lako, ila hati ya nyumba ya mzee usiipeleke benki kwa habari ya kwenye redio.

Kwako mwenye miaka 26, kama una cheti cha kidato cha nne fikiria chuo cha ufundi cha VETA, uchomeleaji au umeme wa viwandani. Hiyo fani inalipa kiwanda kikiwepo na hata kisipokuwepo, magari na mageti vipo siku zote.

SWALI: Mi mwenyeji wa Nachingwea, sasa naishi Dar. Babu yangu anasema zamani treni ilifika kwetu. Ni kweli? Na reli inayosemwa ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, itakuja?

JIBU: Babu yako anasema kweli kabisa. Waingereza walianzisha mradi wa karanga 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya kutoa karanga. Hawakuuliza mvua, hawakuuliza udongo, hawakuwauliza wenyeji. Mwaka 1951 wakauacha, wamepoteza pauni milioni 36. Reli ikaendelea kidogo bila mzigo wa kutosha, mwanzoni mwa miaka ya 60 ikang'olewa. Bandari ikabaki na kina chake kirefu cha asili, karibu miaka sitini ikisubiri mzigo.

Hiyo ndo inayonifanya nisiharakishe kushangilia reli. Reli inaishi kwa mzigo. Ya Mbamba Bay ina mzigo kwenye karatasi, makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, vyote vimeongelewa tangu sijaoa na sasa nina watoto wakubwa. Ila kuna kitu kimetokea kweli. Vita ya Ukraine ilivyoanza 2022 makaa ya Ruvuma yakapata wateja, malori yakateremka Songea, Tunduru, Masasi mpaka Mtwara, na bandari ambayo ilikuwa inaamka msimu wa korosho tu ikawa na meli mwaka mzima. Gati jipya la mita 300 lilikuwa limeshajengwa kwa bilioni 157, na likapata kazi. Kwa hiyo mzigo upo, na barabara ya lami kutoka Mtwara mpaka ziwani ipo. Mi naona lori litatangulia, litaonyesha mzigo, na ukiwa mkubwa kiasi cha kuharibu barabara ndo reli itakuwa na hoja ambayo hamna mtu ataikataa.

Ukitaka kufanya kitu Nachingwea usisubiri treni. Ufuta na mbaazi vinalipa. Mbaazi tu uwe makini, mnunuzi wake ni India na 2017 walivyofunga mlango watu waliziacha shambani, hazikulipa hata gharama ya kuvuna. Lima, ila usilime hiyo peke yake.

SWALI: Dereva wa semi, naendesha Dar Mtwara. Unaongelea viwanda wakati barabara yenyewe inakatika. Sema na hilo.

JIBU: Kaka nimekusikia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita, barabara ilikatika pale Somanga na maeneo ya jirani, Mtwara na Lindi zikawa kama kisiwa. Mabasi yalilala njiani na watoto ndani, na nakumbuka ndugu yangu mmoja alikuwa na lori la nyanya, siku ya tatu alizimwaga porini kwa mikono yake mwenyewe. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji 2003 tulidhani tumemaliza, kumbe njia moja ikiwa ndo hiyohiyo, kalavati moja likiondoka mikoa miwili inafungwa. Mi naweka madaraja marefu na makalavati ya uhakika kwenye ile barabara juu ya kila mradi mpya wa Kusini, hata juu ya reli.

Na barabara ya uchumi, ile ya Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, kilomita 210, ambayo korosho nyingi za nchi hii zinapita, kilomita 50 za mwanzo mpaka Mnivata ndo zilitangulia kupata lami, 160 zilizobaki zinajengwa kwa vipande. Kila msimu lori linalokwama pale ni gharama ambayo mnunuzi anaiondoa kwenye bei ya mnada. Kwa hiyo mkulima wa swali la kwanza na wewe dereva mnalipia shimo moja.

SWALI: Nafanya biashara ndogondogo mpakani, Mtambaswala. Zamani nilikuwa navuka Msumbiji kila wiki. Nirudi?

JIBU: Dada, swali la usalama liko juu ya uwezo wangu, waulize uhamiaji na wenzako wanaovuka wiki hiihii. Naweza kusema upande wa biashara tu. Daraja la Umoja lilifunguliwa 2010 na lilileta matumaini makubwa, lakini tangu 2017 vita ya Cabo Delgado imewatawanya wateja wako, Palma ilishambuliwa Machi 2021, na hata upande wetu Kitaya iliguswa Oktoba 2020. Mradi wa gesi wa huko ukisimama vizuri watahitaji chakula, saruji, nguo, na Mtwara ndo jirani wa karibu. Anza na mzigo mdogo ambao ukipotea hautakufilisi, na malipo uyapate kabla mzigo haujavuka.

SWALI: Asili yetu Kilwa, familia iko Muscat tangu enzi za babu. Tunataka kuwekeza nyumbani. Hoteli au samaki?

JIBU: Samaki kwanza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia tangu 1981, ni mazuri na ni yenu, lakini mtalii anafika Kilwa kwa barabara ileile ya dereva wetu. Samaki wana soko tayari. Kilwa Masoko inajengwa bandari ya uvuvi ya bilioni 266, jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2023. Bandari itapokea meli, ila kijijini mvuvi anapoteza samaki kwa kukosa barafu. Akirudi saa nne asubuhi na nguru wake kwenye jua lile, saa sita mchuuzi anamtajia bei ya kumdhalilisha na hana la kusema. Mtambo wa barafu na chumba cha ubaridi, mshirikiane na wavuvi waliopo kuliko kuleta mashua zenu mshindane nao. Njooni mkae miezi mitatu kabla ya kutuma hata riali moja, na msikabidhi hela kwa ndugu kwa sababu ni ndugu.

SWALI: Shkamoo. Mzee wangu ameniachia mikorosho ya zamani, mingine mikubwa kuliko nyumba, inazaa debe mbili tatu tu. Niikate nipande mipya au niiache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiikate yote. Kwanza zunguka shamba mwezi wa kumi na moja ukiwa na kopo la rangi, ule mti unaozaa vizuri weka alama, usiozaa weka alama nyingine, maana mara nyingi sehemu kubwa ya mzigo wako inatoka kwenye miti michache. Ile mibovu una njia mbili. Moja ni kung'oa na kupanda miche bora ya Naliendele, kile kituo cha utafiti wa korosho, mita 12 kwa 12, na mwaka wa tatu inaanza kukuonyesha kitu. Ya pili ni kuubebesha mti wa zamani, unaukata ukabaki kisiki cha kama mita moja, ukichipua unapachika vikonyo vya mti bora, mizizi ya mzee inakusaidia kwenda haraka. Kupachika kunataka mkono wa mtu aliyefundishwa, muite afisa ugani au nenda Naliendele mwenyewe, si mbali na Mtwara mjini.

Na ile iliyobaki ipogolewe ipate hewa, maana matawi yakishonana ubwiriunga unakaa, salfa unayopulizia inaishia kwenye majani ya nje. Kata robo ya mibovu mwaka huu, robo mwaka ujao, ili kila msimu pawe na cha kupeleka ghalani. Ukikata yote kwa mpigo utakuwa na shamba zuri na miaka mitatu ya mwezi wa nane bila kitu, na yule mtu wa kangomba atakuwa mlangoni kwako.